Kupima Kiinitete Kabla ya Kutiwa Kizazini: Hukumu Yake kwa Wazazi Wenye Khofu ya Kurithisha Maradhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanaadamu kutokana na tone dogo la maji kisha Akamkamilisha umbo. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, tuchukue mfano. Mume na mke wanamjia imamu wa msikiti wao baada ya swala ya Alasiri. Mtoto wao wa kwanza ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita siko seli. Kila baada ya miezi michache hulazwa kwa maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Mtoto wao wa pili alifariki kwa ugonjwa huo huo kabla ya kutimiza miaka mitatu. Wanatamani mtoto mwengine lakini wanaogopa. Jamaa yao anayeishi Ghuba amewaeleza kwamba kuna hospitali zinazoweza kutungisha mimba nje ya kizazi, kuvipima viinitete kimoja kimoja, na kukitia kizazini kile tu kisichokuwa na ugonjwa. Wanauliza: "Sheikh, hili ni halali? Au tutakuwa tunawaua watoto wetu kwa kuchagua nani azaliwe na nani asizaliwe?"

Majibu yanayosikika mara nyingi ni mawili. La kwanza: "Mtegemeeni Mungu, wala msiingilie kazi Yake." La pili: "Daktari akishasema ni salama, basi hakuna tatizo." Jibu la kwanza linawafungia watu mlango ambao huenda sheria haikuufunga. La pili linauacha wazi mlango ambao sheria imeuwekea kizuizi. Suala hili lina hukumu yenye misingi, nasi katika makala haya tutaieleza hatua kwa hatua: ugonjwa unavyorithiwa, kipimo kinavyofanywa, hadhi ya kiinitete kilichoko nje ya kizazi, kisha masharti na mipaka.

UGONJWA UNAVYORITHIWA

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), bwana mmoja wa kabila la Fazara alimjia Mtume (S.A.W.) akilalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, naye akaingiwa na shaka. Mtume (S.A.W.) akamuuliza juu ya ngamia wake na rangi zao, na kama miongoni mwao wamo wenye rangi ya kijivu. Yule bwana akakiri kwamba wamo, na akasema huenda ni mshipa wa asili uliowavuta. Mtume (S.A.W.) akamfahamisha kwamba na mtoto wake huenda kavutwa na mshipa kama huo. Wanavyuoni wameitumia Hadithi hii katika mlango wa nasaba na tuhuma. Ndani yake mna funzo jengine pia: jambo linaweza kujificha kwa wazazi wawili wasilionyeshe, kisha likadhihiri kwa mtoto.

Selimundu ni mfano wa jambo hilo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza protini ya damu iitwayo himoglobini, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Aliyerithi nakala moja nzima na moja yenye kasoro, kwa kawaida haumwi. Madaktari humwandika AS na humwita mbebaji. Aliyerithi nakala mbili zenye kasoro, yaani SS, ndiye mgonjwa. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, huvunjika mapema na huziba mishipa midogo.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo moja kuwa ya mtoto mgonjwa, nusu kuwa ya mtoto mbebaji kama wao, na robo moja kuwa ya mtoto asiye na kasoro kabisa. Hesabu hii huanza upya katika kila mimba. Wapo wenye watoto wanne wazima, na wapo wenye watoto watatu wote wagonjwa. Kwa hiyo ni makosa kumwambia mama kwamba kwa kuwa wa kwanza ni mgonjwa, watatu watakaofuata watakuwa wazima.

Jambo hili si geni kwetu. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Nchini Uganda, utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba watoto 13 katika kila 100 waliopimwa ni wabebaji. Huko Oman, ambako damu ya pwani yetu na damu yao zimechanganyika kwa karne nyingi, wabebaji ni kiasi cha watu 6 katika kila 100. Katika mwaka 1954, daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki kwamba mbebaji wa nakala moja hukingwa kwa kiasi fulani na malaria kali. Ndiyo maana kasoro hii imeenea zaidi katika nchi zenye malaria. Tuikumbuke hekima hii, maana tutairudia tutakapofika kwenye mipaka.

KIPIMO KINAVYOFANYWA

Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya kizazi alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Mwaka 1990 jopo la madaktari wa London, akiwemo Alan Handyside, lilitangaza mimba za kwanza zilizopatikana baada ya viinitete kupimwa kabla ya kutiwa kizazini, kwa familia zenye maradhi ya kurithi yanayowapata watoto wa kiume. Mwaka 1999 madaktari wa New York wakatangaza mimba ya kwanza ya namna hiyo kwa wazazi wabebaji wa selimundu.

Namna yenyewe ni hii. Mke hudungwa sindano za homoni kwa siku kadhaa ili mayai kadhaa yapevuke kwa pamoja. Mayai hayo hutolewa kwa sindano, kisha kila yai hutiwa mbegu moja ya mume. Yaliyotungika huachwa yakue katika maabara. Siku ya tano au ya sita kila kiinitete huwa na chembe zipatazo mia moja au zaidi, nacho ni kidogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa jicho tupu. Hapo huchukuliwa chembe chache kutoka sehemu ya nje, ile ambayo baadaye hugeuka kuwa kondo la nyuma, wala si sehemu inayogeuka kuwa mwili wa mtoto. Chembe hizo hupimwa vinasaba, na kiinitete chenyewe hugandishwa kwa baridi kali kungojea majibu. Kisichokuwa na ugonjwa hutiwa kizazini katika mwezi mwengine.

Imamu anapaswa kuyajua mambo matatu kabla ya kujibu. Kwanza, kipimo hakiubadilishi mwili wa kiinitete wala hakikitibu. Kinatambua tu. Pili, majibu yake ni ya kutegemewa lakini hayafiki yakini kamili, ndiyo maana madaktari hushauri mimba ipimwe tena baadaye. Tatu, kupatikana kwa kiinitete kizima si dhamana ya mimba. Wengi hurudia zaidi ya mara moja, na wengine hawapati, hasa umri wa mke unapokuwa mkubwa. Gharama ni kubwa, na mwili wa mke hubeba taabu.

KIINITETE KILICHOKO NJE YA KIZAZI KINA HADHI GANI?

Hapa ndipo penye kiini cha suali la wale wawili. Je, kukiacha kiinitete kigonjwa bila ya kukitia kizazini ni kuua nafsi?

Qur'ani Tukufu imeeleza katika Suratul Hajj aya ya 5 na Suratul Muuminun aya ya 12 hadi ya 14 kwamba mwanaadamu hupitia hatua: tone, kisha pande la damu lenye kuning'inia, kisha pande la nyama, mpaka akawa kiumbe chengine. Katika Hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, hatua hizo zimetajwa kwa siku arubaini arubaini, kisha hutumwa Malaika akapuliza roho. Kwa ufahamu wa wanavyuoni wengi roho hupulizwa baada ya siku 120. Wapo waliotazama Hadithi ya Hudhaifa bin Asid (r.a.) iliyomo katika Muslim, inayotaja siku arubaini na mbili, wakasema kwamba uumbaji wa viungo huanza mapema zaidi. Rai zote mbili ziko mbali sana na siku ya tano au ya sita.

Baada ya roho kupulizwa, wanavyuoni wameafikiana kwamba kuiharibu mimba ni haramu, isipokuwa kwa dharura ya kuokoa uhai wa mama. Kabla ya hapo wamekhitilafiana. Wamaliki ndio wakali zaidi: ad-Dardir ameandika kwamba haijuzu kulitoa tone lililotungika kizazini hata kabla ya siku arubaini. Katika Mahanbali wapo walioruhusu kulitoa tone kwa dawa kabla ya siku arubaini. Mahanafi wengi wameruhusu kabla ya siku 120, na baadhi yao wakashurutisha udhuru. Katika madhehebu yetu ya Shafi kuna rai mbili. Ibn Hajar al-Haytami ameelekea kwenye makatazo, na ar-Ramli ameelekea kwenye wepesi kabla ya kupulizwa roho. Hawa wawili ndio wenye sharhi za Minhaj ambazo mashekhe wa pwani wamezitegemea katika fat'wa.

Aliyelifafanua suala hili kwa undani ni Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111). Katika kitabu chake cha Ihyaa, kwenye mlango wa ndoa, ametofautisha baina ya azl, yaani mume kumwaga nje ili mke asishike mimba, na kuitoa mimba. Azl kwake si jinai, kwa sababu hakuna kilichopatikana bado. Ama kuitoa mimba ni jinai juu ya kitu kilichokwisha kupatikana, na jinai hiyo ina daraja. Ya kwanza ni tone kutua kizazini, likachanganyika na maji ya mwanamke na kuwa tayari kupokea uhai. Likiwa pande la damu au la nyama jinai huzidi, na roho ikishapulizwa huzidi tena.

Tutazame maneno ya wote hawa kwa makini. Wote, wakali na wapole, walizungumza juu ya tone lililo ndani ya kizazi. Hawakuwa na habari ya kiinitete kilichoko katika chombo cha maabara, ambacho kikiachwa hapo hapo hakiwezi kamwe kuwa mtoto. Mimba iliyoko kizazini inakwenda yenyewe kwa idhini ya Mola wake mpaka izaliwe, na anayeitoa anaikata safari iliyokwisha kuanza. Kiinitete kilichoko nje hakijaanza safari hiyo mpaka kitiwe kizazini. Hukumu ambazo fiqhi imezifungamanisha na mimba, kama vile kwisha kwa eda, fidia ya ghurra, fungu la mirathi, kuoshwa na kuzikwa, hakuna hata moja inayokipata.

Kwa msingi huu, kongamano la Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba yenye makao yake Kuwait, lililofanyika mwaka 1987, lilifikia rai ya wengi wa wahudhuriaji kwamba yai lililotungishwa halina hurma ya kisheria kabla ya kujipachika kwenye ukuta wa kizazi. Wapo walioipinga rai hiyo wakasema kwamba hatua ya kwanza ya mwanaadamu ina heshima popote ilipo. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita kilichofanyika Jeddah mwezi Machi 1990, ikachukua njia ya tahadhari. Iliamua kwamba yatungishwe mayai kwa kiasi kinachohitajika tu. Yakizidi kwa sababu yoyote, yaachwe bila ya matunzo ya kitabibu mpaka uhai wake uishe wenyewe, na ni haramu kumtilia mwanamke mwengine.

Kwa hivyo, kiinitete kina heshima ya asili ya mwanaadamu, hakichezewi wala hakiuzwi, lakini hakina hukumu ya nafsi. Kuacha kukitia kizazini kwa sababu nzito kuko karibu zaidi na azl kuliko kutoa mimba. Na azl, kama alivyosimulia Jabir (r.a.) katika Bukhari na Muslim, Swahaba walikuwa wakiifanya nayo Qur'ani inateremka. Ni kweli kwamba katika Muslim imepokewa Hadithi ya Judama (r.a.) inayoikaripia azl, na wengi katika wanavyuoni wameichukulia kuwa ni karaha, si uharamu.

Linganisha na hali ya mimba iliyokwisha kutunga. Majmaa ya Fiqhi ya Rabita mjini Makka, mwaka 1990, iliruhusu mimba kutolewa kabla ya siku 120 endapo kamati ya madaktari waaminifu itathibitisha kwamba kiumbe kina kasoro nzito isiyotibika, na wazazi wenyewe wakaomba. Ikiwa mlango huo mzito umefunguliwa kwa dharura, basi kupima kabla mimba haijaingia kizazini ni madhara mepesi zaidi. Kanuni ya fiqhi inasema kwamba madhara mawili yakikutana, huchukuliwa lililo jepesi.

SHUBUHA NA MAJIBU YAKE

Shubuha ya kwanza ni kwamba huku ni kukimbia kadari. Umar bin al-Khattab (r.a.) alikwisha kuijibu. Alipofika Sargh akapata habari ya tauni katika ardhi ya Sham, aliamua kurudi. Abu Ubaida (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari Yake. Kujikinga na madhara kabla hayajafika ni katika kutawakali, wala hakuipingi tawakali.

Shubuha ya pili ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu, jambo lililokaripiwa katika Suratun Nisaa aya ya 119. Kama tulivyoeleza, kipimo hiki hakibadilishi kitu. Kingekuwa ni kuongeza au kupunguza sifa za kiumbe, mazungumzo yangekuwa mengine.

Shubuha ya tatu ni kwamba ilimu ya vilivyomo vizazini ni ya Mwenyezi Mungu peke Yake. Ilimu iliyokhusika Naye ni ile isiyo na mpaka: riziki ya kiumbe, ajali yake, amali yake, wema au uovu wake. Kutambua ugonjwa mmoja kwa kifaa ni sawa na daktari anayemtambua mgonjwa kwa damu yake.

Shubuha ya nne ndiyo nzito: je, huku si kuua watoto kwa kuogopa ufakiri, jambo lililokatazwa katika Suratul Israa aya ya 31? Aya inazungumzia mtoto aliyepatikana. Tumekwisha bainisha kwamba kiinitete cha siku tano kilichoko nje ya kizazi si mtoto kwa hukumu. Hata hivyo shubuha hii inatuonya juu ya nia. Mwenye kukikimbia kiinitete kwa sababu malezi yatamgharimu, na mwenye kutaka kumkinga mtoto na maumivu ya maisha yake yote, hawako sawa mbele ya Mwenyezi Mungu.

MASHARTI YA KURUHUSIWA

Majmaa ya Kimataifa, katika kikao chake cha tatu kilichofanyika Amman mwezi Oktoba 1986, ilizitazama njia saba za kutungisha mimba kwa msaada wa tabibu. Iliharamisha tano na kuruhusu mbili inapokuwepo haja, zote mbili zikiwa baina ya mume na mke. Kutokana na uamuzi huo na yaliyotangulia, masharti yanakuwa haya:

1. Mbegu ziwe za mume na yai liwe la mke, na kiinitete kitiwe katika kizazi cha mke huyo huyo, ndoa ikiwa ingali ipo. Mume akifariki au wakiachana kabla ya kiinitete kutiwa, mlango unafungwa hata kama kimehifadhiwa.

2. Ugonjwa unaokhofiwa uwe mzito na umethibiti kwa vipimo vya wazazi wote wawili, si dhana wala tetesi za ukoo.

3. Wathibitishe madaktari wenye ilimu na uaminifu zaidi ya mmoja, nao wawaeleze wazazi kwa lugha wanayoifahamu uwezekano wa kufaulu na wa kukosea.

4. Maabara iwe na ulinzi madhubuti wa majina na vyombo ili nasaba zisichanganyike. Kwa kuwa siku hizi viinitete hugandishwa, sharti hili limekuwa zito zaidi kuliko zamani.

5. Yatungishwe mayai kwa kadiri ya haja, na vitakavyobaki visitolewe, visiuzwe wala visitiwe kwa mwengine.

6. Sitara ya mwanamke ihifadhiwe. Atangulizwe daktari mwanamke Muislamu, kisha mwanamke asiye Muislamu, kisha mwanamume Muislamu, na dharura ikadiriwe kwa kiasi chake. Mume awepo.

7. Wote wawili waridhie. Sindano na taabu zinaupata mwili wa mke, hivyo mume hana haki ya kumlazimisha.

MIPAKA ISIYOVUKWA

Kifaa kile kile kinachotambua selimundu kinaweza kutambua kama kiinitete ni cha kiume au cha kike. Hapo ndipo penye mtihani. Katika Suratush Shuura aya ya 49 na ya 50, Mwenyezi Mungu ameeleza kwamba Yeye ndiye Anayewapa Awatakao wanawake, na Awatakao wanaume, na Akawachanganyia Awatakao. Majmaa ya Rabita, katika kikao chake cha mwezi Novemba 2007 mjini Makka, iliamua kwamba haijuzu kuchagua jinsia ya mtoto kwa njia za kitabibu, isipokuwa pale ugonjwa wa kurithi unapowapata wa kiume bila ya wa kike au kinyume chake. Na hata hapo ikashurutisha ripoti ya pamoja ya madaktari waadilifu wasiopungua watatu, kisha ipelekwe kwa wenye kutoa fat'wa. Selimundu huwapata wa kiume na wa kike sawasawa, kwa hivyo mwenye kupima selimundu hana udhuru wa kuuliza jinsia.

Mpaka wa pili ni wa wale wabebaji. Kiinitete cha AS si kigonjwa. Atakayezaliwa nacho ataishi kama walivyoishi wazazi wake, na huenda akawa na kinga kidogo ya malaria kama tulivyotaja. Kukiacha kwa kutaka kile "safi kabisa" ni kutoka katika kuondoa madhara na kuingia katika kuchagua bidhaa. Hakuna dharura hapo, na ruhusa iliyojengwa juu ya dharura huondoka inapoondoka dharura.

Mpaka wa tatu ni sifa zisizo maradhi, kama rangi, urefu au akili. Hizo hazimo katika mlango huu kabisa.

MLANGO WA KWANZA NI KABLA YA NDOA

Yote tuliyoyaeleza ni tiba kwa waliokwisha kuoana. Kwa ambao bado, kuna njia iliyo nyepesi zaidi isiyo na khitilafu ya viinitete: kipimo cha damu kabla ya posa kukamilika. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ile ya kutungisha mimba maabara, na mtu hukifanya mara moja maishani.

Hata hapa wanavyuoni wamepima. Majmaa ya Rabita, katika kikao chake cha mwezi Disemba 2003, iliamua kwamba haijuzu kuwalazimisha watu kipimo na kufungamanisha nacho usajili wa ndoa, kwa sababu masharti ya nikahi yamewekwa na sheria yenyewe. Wakati huo huo ikausia ilimu ya vipimo hivi ienezwe na siri za watu zihifadhiwe. Saudi Arabia, kwa upande wake, tangu mwaka 2004 imekifanya kipimo cha selimundu na talasemia kuwa cha lazima kabla ya ndoa, lakini majibu yake hayawazuii wawili kuoana wakitaka. Serikali iliona kwamba mtawala anayo haki ya kuamrisha lenye maslaha kwa raia.

Imamu hahitaji kungojea sheria. Misikiti mingi ya kwetu imezoea kuwauliza wanaotaka kuoana kuhusu kipimo cha UKIMWI. Kuongeza suali moja la selimundu ni jambo la dakika moja. Na iwapo wote wawili watakuwa wabebaji, ndoa yao haibatiliki wala hawajafanya dhambi. Wataoana kwa kujua, au wataachana kwa wema kabla ya akdi.

TUWAJIBU NINI WALE WAWILI?

Turejee kwa mume na mke waliosimama mbele ya imamu. Jibu linalokubaliana na yaliyotangulia ni kwamba inajuzu kwao, kwa masharti yaliyotajwa, na hawawaui watoto wao. Lakini inajuzu, wala si wajibu. Wasiuze nyumba wala wasiingie katika mikopo ya riba kwa ajili yake. Wakiamua kuzaa kwa njia ya kawaida huku wanamtegemea Mola wao, hawana lawama. Mtoto atakayezaliwa apimwe tangu uchanga, maana penisilini ya kinga, chanjo na dawa ya haidroksiyurea vimewaongezea umri na nafuu wagonjwa wengi. Wakiamua kutosheka na mtoto waliye naye, au kumlea yatima bila ya kumbadilishia nasaba, hiyo nayo ni kheri.

Bado liko neno moja la kuwaambia. Nyumbani wanaye mtoto wao mwenye selimundu, naye anasikia yanayosemwa. Asije akafahamu kwamba wazazi wake wanatafuta mtoto wa kuziba nafasi yake. Waliozaliwa na ugonjwa huu wana haki zote za mwanaadamu, na kati yao wamo wahifadhi wa Qur'ani, walimu na wazazi. Tunaukinga ugonjwa. Hatumdharau mgonjwa. Imamu atakayeyasema haya mawili kwa pamoja atakuwa ameitoa fat'wa yake kwa ukamilifu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu Awaponye wagonjwa wetu, Awape subira wazazi wao, na Atujaalie kizazi chema chenye afya na taqwa.

Wallahu a'lam.